Zamu ya Jumatano na Mama Mkwe

Ukweni kwangu mwanamume hamkaribii mama mkwe wake. Mkikutana njiani, wewe ndiye unayeingia kwenye majani, hata kama umevaa suruali nyeupe na majani yana umande. Humtazami usoni, huli mbele yake, hutaji jina lake, na yeye halitaji lako. Mkiwa na neno la kuambiana, anatafutwa mtu wa tatu wa kulibeba. Na mmoja akimgusa mwenzake, hata kwa bahati mbaya, ni kosa linalofutwa kwa kuku.

Mimi sikukulia hayo. Nilizaliwa Kilosa, nyuma ya stesheni, mjukuu wa mtu aliyeletwa kufanya kazi ya reli akasahau kurudi kwao. Majirani zetu walitoka kila pembe ya nchi, na nadhani mila zao ziliteremka kwenye treni pamoja na mizigo, ila hazikupata mtu wa kuzipokea. Nilipokwenda kuposa kule milimani, kwa watu wa kanisa na shule ya misheni, shemeji yangu alinikalisha kwenye kigoda akanifundisha sheria zote za ukwe mchana mmoja, kama mtu anavyofundishwa alama za barabarani kabla ya kupewa leseni. Nilizishika zote. Miaka minane sikukosea hata moja, na jambo hilo nilijivunia kuliko cheti changu cha darasa la saba.

Baadaye tulihamia Mikumi, na nikafungua kibanda cha kuziba pancha kando ya barabara kuu. Mama mkwe alikuwa ametutangulia huko, akimlea mjukuu mmoja, mtoto wa shemeji yangu aliyeko Dar. Mama yule, akikaa mahali zaidi ya wiki mbili, watu humchagua kuwa mwenyekiti. Sijui wanaona nini, labda ni miwani yake yenye kamba, au ule mkoba anaoupakata wakati wote. Kanisani alikuwa mwenyekiti wa akina mama, mtaani mwenyekiti wa kikundi cha kuzikana, na shuleni mwenyekiti wa umoja wa wazazi. Hayo yote hayakunihusu, mpaka Januari ile binti yetu alipoanza darasa la kwanza.

Nyumba yetu iko upande huu wa barabara, na shule iko upande ule.

Anayetoka Morogoro hupita kwanza katikati ya hifadhi. Huko kuna matuta, na kuna kibao kinachoorodhesha faini ya kila mnyama utakayemgonga, mdogo kwa mkubwa, kila mmoja na bei yake. Dereva anakwenda kwa adabu kama yuko msibani. Akishatoka hifadhini anajiona mtu huru, na mahali anapoanzia kuufaidi uhuru huo ni mbele ya kibanda changu. Jirani yangu, mama mmoja aliyekuwa akichoma chapati hapo pembeni, alisema dawa ni kuandika kibao chetu na kuweka bei ya mtoto wa darasa la kwanza, maana inaonekana hawa watu hawaogopi kitu kisicho na bei.

Binti yangu alikuwa na miaka sita na ugonjwa wa kuokota. Kokoto yenye mstari, manyoya ya kunguru, kizibo cha soda, hakuna alichokipita. Tukienda naye dukani, mwendo wa dakika tano ulitumia nusu saa, na mifuko yake ilirudi mizito kuliko kapu la mama yake. Nilimvusha mwenyewe kila asubuhi nikiwa nimemkamata mkono kama mwizi. Lakini fundi pancha hapangi muda wake, lori likija na tairi limelala saa moja kasoro huwezi kumwambia dereva angoje, na kila siku ya namna hiyo nilimtazama mwanangu akivuka na wenzake nikiwa nimeshika jeki.

Nikaamua kulisema kwenye mkutano wa wazazi. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Mwenyekiti alikaa mbele, nami nikachagua dawati la mwisho kabisa nikakaa ubavu. Nilinyoosha mkono nikamwambia katibu, mwalimu mmoja kijana, kwamba naomba aniulizie kwenye kiti habari ya watoto kuvuka barabara. Katibu akashangaa, maana kiti kilikuwa hatua sita kutoka kwangu na kilikuwa kimesikia. Lakini aliuliza.

"Mwambie mzazi aliye nyuma," mama mkwe akasema, akiutazama ukuta, "kwamba barua ya kuomba matuta na kivuko iko wilayani."

Katibu akaniambia barua iko wilayani. Nikamwomba aulize iko huko tangu lini. Ikajibiwa kwamba tangu mwaka ambao, nikipiga hesabu, binti yangu alikuwa anatambaa. Wazazi wenzangu walikuwa wameanza kufurahia kama wako kwenye ngoma. Mwenyekiti akamalizia kwamba haraka haraka haina baraka, mama wa chapati akajibu kutoka dirishani kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapo mkutano ukawa sare, tukafunga kwa sala.

Nimtendee haki. Barua ile hakuitupa. Mara tatu alipanda gari kwenda Kilosa kuifuatilia, akakaa kwenye benchi la ofisi na mkoba wake mapajani, akaambiwa mhusika hayupo, akarudi. Alikuwa mtu anayeamini kwamba jambo likipitia njia yake litafika. Mimi ni mtu wa pancha: naona tundu, naweka kiraka.

Wiki mbili baada ya mkutano, asubuhi watoto wakiwa wamekwisha vuka, niliona kandambili moja ya bluu katikati ya lami. Muda si mrefu mwenyewe akaja, mtoto wa kike wa darasa la pili, akirukaruka kwa mguu mmoja. Alisema gari lilikuja akakimbia, kandambili ikabaki. Mkanda ulikuwa umekatika. Akaniuliza kama naweza kuuziba.

Niliufunga kwa msumari, kama wote tunavyofanya, nikajichoma kidole. Nilikasirika siku ile. Nilimkasirikia dereva ambaye sikumwona, nikaikasirikia barua, na Mungu anisamehe, nilimkasirikia mama mkwe.

Jioni ile ile tukaanzisha kikundi chetu kwenye mabenchi ya chapati. Tulikuwa watano: mimi, mama wa chapati, baba mmoja wa bodaboda, muuza nyanya mmoja, na mama wa jamii ya wafugaji aliyehamia kutoka Msowero, ambaye watoto wake wawili walikuwa shuleni pale. Tulikubaliana kwamba hatutakuwa chini ya umoja wa wazazi, hatutaandika barua, hatutangoja ruhusa. Tutawavusha watoto asubuhi na mchana, basi. Kisha tukafanya kosa ambalo Watanzania watano hawawezi kukutana bila kulifanya: tukachagua uongozi. Mama wa chapati akawa mwenyekiti, baba wa bodaboda makamu, mimi katibu, muuza nyanya mweka hazina ingawa hazina haikuwepo, na mama wa Msowero, ambaye Kiswahili alikizungumza kwa kukipimapima, tukampa usemaji wa kikundi. Tulipigiana makofi. Ilipofika swali la nani kesho atasimama barabarani tukakuta kikundi hakina mwanachama hata mmoja, wote ni viongozi. Tuligombana hadi chapati zikaungua. Mwishowe makamu akajiuzulu kwa heshima zote ili tupate mtu wa kuanza naye.

Mama wa Msowero, msemaji wetu, hakuwa amesema neno. Kesho yake alileta shuka jekundu kuukuu la mumewe, tukalikata vipande, tukafunga kwenye vijiti. Kazi yenyewe ilikuwa ya watu wawili, mmoja kila upande. Watoto wanakusanyika, barabara ikitulia bendera zinanyanyuliwa pamoja, watoto wanavuka. Siku za mwanzo madereva walituuliza kama tunacheza mpira. Siku ya nne wakaanza kusimama.

Mwalimu mkuu aliniita. Kwa upole sana alisema shule inatambua umoja mmoja wa wazazi, je, sisi ni akina nani? Nikamwambia sisi ni watu wa barabarani, mamlaka yetu yanaishia getini. Akafikiri kidogo, akasema barabara kweli si yake, akanipa mkono.

Nyumbani haikuwa rahisi hivyo. Mke wangu alirudi kutoka kwa mama yake, akavua viatu polepole, akasema ametumwa. "Mama anauliza umoja wake ulikufa lini, maana hajaona matanga." Nilieleza, nikajitetea, nikasema ni kwa ajili ya mtoto. Mke wangu akasema mtoto ni wa mama pia. Juma lile nilikula mchicha siku saba, na kila siku niliambiwa sokoni hapakuwa na kitu kingine.

Siku ya nane ikaja bahasha, yenye muhuri wa umoja wa wazazi, imebebwa na mke wangu, akiwa na uso wa mtu asiyejua kilichomo. Ilielekezwa kwa Katibu, ambaye ni mimi. Ilisema kwamba mwandishi wa barua, akiwa mlezi wa mwanafunzi wa darasa la nne na si kwa wadhifa wake mwingine, anaomba kupangiwa zamu ya kuvusha watoto, na kwamba kujiunga kwake kusichukuliwe kuwa umoja umekubaliana na utaratibu uliotumika. Nakala: Mwalimu Mkuu. Nikampelekea mwenyekiti wetu.

Lazima niseme kwamba kabila la mama wa chapati na kabila la mama mkwe ni watani tangu enzi. Mtani akikukuta na aibu yako ana ruhusa ya kuikalia, na wewe huna ruhusa ya kununa. Mama wa chapati alipanga zamu akicheka peke yake, unga mikononi. Jumatano, upande wa shule: mama mwenyekiti. Jumatano, upande wa kibanda: fundi.

Nikamwambia jambo hilo haliwezekani, mila haziruhusu.

"Mila inasema msikaribiane," akanijibu. "Lami yote ile iko kati yenu, wewe unataka nini tena? Kuna watu wamepanga chumba ukuta kwa ukuta na mkwe."

Jumatano ya kwanza nilifika mapema, nimeoga kama naenda kanisani. Alikuwa amekwisha fika ng'ambo, kitenge kimefungwa sawasawa, mkoba kwapani, bendera wima. Nilichuchumaa nikatoa shikamoo nikiitazama lami. Sijui kama ilivuka, maana lori la saruji lilipita kati yetu. Kisha kazi ikaanza, na tatizo likajitokeza. Alikuwa na maneno ya kuniambia na mtu wa tatu hakuwepo, isipokuwa watoto. Kwa hiyo mtoto aliyekwisha vuka salama alirudishwa kuvuka tena kuja kuniambia kwamba bibi anasema nisimame nyuma ya mstari mweupe. Nikamjibu kwa kumtuma mwingine. Kufikia mlio wa kengele, watoto wawili walikuwa wamevuka barabara mara nne, na mama wa chapati alikuwa ameketi chini kabisa, anashika mbavu.

Tukalazimika kubuni ishara, kupitia kwa mke wangu, jioni, jikoni. Bendera mara moja ni simama. Mara mbili ni vuka. Mara tatu aliiongeza mwenyewe, na ilinichukua Jumatano mbili kuelewa kwamba maana yake ni kuwa shati langu limefungwa kombo.

Polepole nikaanza kuzipenda Jumatano. Mimi madereva niliwapungia bendera kama ninayeomba lifti. Yeye aliwasimamisha. Basi likikaribia alilitazama kwa miwani ile mpaka kondakta mwenyewe akachungulia, shikamoo mama, naye akaitikia marahaba, akauliza wanakimbilia wapi, na kama huko wanakokwenda watoto hawapo. Madereva wa mabasi ya asubuhi walimzoea. Mmoja alipokuja kuziba pancha kwangu aliniuliza yule bibi wa Jumatano ni nani. Nikajibu, nikasikia nimejibu kwa majivuno, kwamba ni mama mkwe wangu.

Ilikuwa Machi, mvua za rasharasha, lami inang'aa. Kundi la mwisho lilikuwa linavuka, binti yangu akiwa nyuma kabisa. Basi lilikuwa limesimama likitupisha, limewasha taa. Watoto wakafika ng'ambo. Nilidhani nimemhesabu binti yangu miongoni mwao, nikaanza kushusha bendera, kisha nikaona hayumo. Alikuwa katikati ya barabara, amechuchumaa. Alikuwa ameona kizibo.

Nilikimbia. Nilipomfikia na kuinama kumnyanyua, nilikuwa nimelipa basi mgongo, na sikuona kwamba nyuma ya basi pikapu ilikuwa imechoka kungoja na inachomoza kulipita. Nilichosikia ni jina langu. Jina langu hasa, lile nililopewa kwetu nyuma ya stesheni, likiitwa kwa sauti ambayo kwa miaka minane haikuwahi kulitamka. Kisha mkono ukanikamata juu ya kiwiko, mimi na mtoto kwa pamoja, ukatuvuta kwa nguvu ambazo mpaka leo sijui zilikaa wapi kwenye mwili ule. Pikapu ikapita pale pale tulipokuwa, ikapiga honi, ikaenda zake.

Tulisimama upande wa shule, tumebanana. Mkoba wake ulikuwa umeanguka kwenye matope na kitabu cha mihutasari kimefunguka. Nilikuwa naisikia pumzi yake. Hakunitazama. Aliinamisha uso kwa binti yangu.

"Mwambie baba yako," akasema, "akitaka kufa asifie kwenye zamu yangu."

Mtoto alininyanyulia macho, kizibo kimefumbatwa kiganjani. "Baba, bibi anasema ukitaka kufa usifie kwenye zamu yake."

"Mwambie bibi nimesikia."

"Bibi, baba amesikia."

Na muda wote huo mkono wake ulikuwa bado umenishika.

Mama wa chapati hakuchelewa. Ijumaa alikalia kesi hiyo penye benchi lake, akiwa hakimu, karani na shahidi. Alipima yote: jina limetajwa hadharani, mkwe ameshikwa, tena si kwa ncha ya kidole bali kiganja kizima, na muda alioshikwa ulitosha kuchoma chapati pande zote mbili. Hukumu: mgusaji ndiye mkosaji, mama mkwe atoe kuku ili kosa lifutwe, na mtani apate paja. Mke wangu akatumwa kuipeleka hukumu.

Mimi niliona haya. Nilijua mama yule hajawahi kuruka kanuni hata ya kupanga viti, na nilikuwa na hakika kuku atakuja jioni ile ile, amefungwa miguu, na hati ya makabidhiano. Nilifikiri hata kununua wangu, wa wale wanaoletwa kutoka Chanzuru siku za gulio, nimpeleke kwa siri ili kumwondolea aibu. Kuku hakuja Ijumaa, wala Jumapili baada ya kanisa. Jumatatu mke wangu alirudi kutoka kwa mama yake, akavua viatu polepole.

"Mama anasema kuku hatoi."

Nikauliza kwa nini, nikidhani ameudhika.

"Anasema kuku ni wa kufuta. Na hilo anasema lisifutwe."

Nilitoka nje nikajifanya natafuta pampu. Nililia pale nyuma ya matairi, mtu mzima, na nilipomaliza nikanawa uso kwenye karai la kupimia pancha.

Jumatano iliyofuata tulikutana kwenye njia ya kuja barabarani. Niliingia kwenye majani kama sheria inavyosema, yeye akapita bila kunitazama, na suruali yangu ikalowa hadi magotini. Alipofika upande wake aliinua bendera mara tatu. Nikajitazama, nikakuta kweli, kifungo cha juu kimeingia tundu la pili.

Matuta bado tunayangoja. Barua iko wilayani, na mwezi uliopita mama mkwe amekwenda tena Kilosa kuifuatilia. Mama wa chapati huniuliza kila wiki kuhusu paja lake, nami humwambia aende akalidai mwenyewe ng'ambo ya barabara. Kuku yule sijapewa mpaka leo, na kila Jumatano namwomba Mungu asije akaletwa.